Nia Moja, Miji Mingi: Haki Katika Kupanga Safari ya Kikundi Ulaya

Swali mojawapo la kale katika falsafa ya jamii ni hili: je, watu wengi wanaweza kuwa na nia moja, au kile kinachoitwa nia ya kundi ni jumla tu ya matakwa ya mtu mmoja mmoja yaliyowekwa pamoja kwa muda? Swali hili huulizwa zaidi kuhusu dola, bunge na sheria, lakini hujitokeza kwa uzito usiopungua katika jambo linaloonekana dogo, yaani pale ndugu, marafiki au waumini wa msikiti au kanisa moja wanapokaa kupanga likizo ya siku chache itakayowapitisha katika miji kadhaa ya Ulaya. Siku zao za likizo zimehesabiwa, fedha zao zina kikomo, miji inayowavuta ni mingi kuliko siku walizo nazo, na kila mmoja huja na shauku yake, nguvu zake na mfuko wake. Makala haya yanatetea hoja kwamba kupanga safari ya namna hii kimsingi ni kazi ya kugawana hasara, na kwamba kundi hutenda haki pale linapoamua kwa pamoja, kwa sababu zilizotamkwa waziwazi, ni kitu gani kitaachwa na ni nani atakayebeba uzito wa kuachwa kwake.

Safari fupi ya kikundi yenye vituo vingi ina historia, na mizizi ya historia hiyo imo katika dini. Katika karne ya 17 na ya 18 vijana wa tabaka la juu la Uingereza walizunguka Ufaransa na Italia kwa miezi mingi, pengine hata miaka, wakiwa na mwalimu wa kuwaongoza. Kwao muda haukuwa tatizo, wala hapakuwa na kundi la kuafikiana nalo. Aliyeifungua safari kwa watu wa kawaida ni Thomas Cook, Mbaptisti na mhubiri wa harakati za kupinga ulevi, ambaye tarehe 5 Julai 1841 aliwapeleka watu wapatao 500 kwa treni kutoka Leicester hadi Loughborough kuhudhuria mkutano wa harakati hizo, akiamini kwamba mfanyakazi akipata nauli nafuu atapata pia furaha iliyo bora kuliko ile ya kilabu cha pombe. Mwaka 1855, Paris ilipokuwa na maonyesho makubwa ya kimataifa, Cook aliongoza msafara wake wa kwanza katika bara la Ulaya, msafara uliopitia Antwerp, Brussels, Cologne, bonde la mto Rhine na Strasbourg hadi kufika Paris. Hapo ndipo mambo matatu ambayo awali hayakuwa pamoja yalipokutana: siku chache, miji mingi, na watu kadhaa wanaofuata ratiba moja.

Kukutana huko kwa mambo matatu kulizua ugomvi wa kimaadili ambao bado haujaisha. John Ruskin, mwandishi Mwingereza aliyetumia miaka ya maisha yake kuchunguza majengo ya Venice, alilalamika kwamba reli humgeuza msafiri kuwa kifurushi kinachotumwa kutoka kituo hadi kituo, na kwamba mwendo wa kasi haumzidishii mtu nguvu wala hekima. Cook alikuwa akitetea haki ya kufika, yaani haki ya fundi wa viatu kuiona Paris kama anavyoiona mwana wa lodi. Ruskin alikuwa akitetea wajibu wa kuona, yaani deni ambalo mtu huwa nalo kwa kitu chenye thamani pindi anaposimama mbele yake. Kila mmoja alishika nusu ya ukweli, na kundi linalopanga safari leo hukutana na nusu zote mbili mezani, kwa sababu kila mji unaoongezwa katika ratiba unapanua kufika na kupunguza kuona.

Njia ambayo makundi mengi huikimbilia ili kuepuka ugomvi ni kumpa kila mtu mji wake. Kwa sura ya nje njia hii ni ya haki, kwa maana hakuna aliyekataliwa, lakini hesabu yake huikanusha. Treni ya mwendo kasi kutoka Roma hadi Florence huchukua takribani saa moja na nusu, ila kuhama mji si kupanda treni peke yake: kuna kufunga mizigo, kuondoka hotelini, kufika kituoni mapema, kutafuta malazi mapya, na mara nyingi kusubiri hadi alasiri ili vyumba viwe tayari, kiasi kwamba kila kuhama humeza nusu siku. Watu sita wenye siku saba kamili, kila mmoja akipewa mji wake, watahama mara tano, watapoteza siku mbili na nusu njiani, na watabaki na siku nne na nusu kwa miji sita. Aliyeitaka Roma ataipata kwa muda usiotosha hata kuimaliza Vatikani, naye atakuwa amelipia pungufu hilo kwa uchovu wa miji mitano ambayo hakuiomba. Mshika mawili moja humponyoka, na mpango wa namna hii hushika sita.

Kosa lililomo humo lilifafanuliwa na Jean-Jacques Rousseau katika kitabu chake kuhusu mkataba wa kijamii kilichotolewa mwaka 1762, alipotenganisha nia ya wote na nia ya jumla. Nia ya wote ni mkusanyiko wa matakwa binafsi, ambapo kila mmoja hutazama faida yake; nia ya jumla ni ile inayoelekea kwenye manufaa ya pamoja, na mtu anaweza kuishiriki hata inapopingana na alichokitaka mwanzo. Ratiba ya miji sita ni nia ya wote katika umbo lake kamili: kila tamaa imehesabiwa, lakini hakuna aliyejiuliza kundi lenyewe, kwa kuwa ni kundi, linahitaji nini. Matokeo yake ni safari ambayo kila mmoja anaweza kuonyesha sehemu yake ndani yake, ilhali hakuna hata mmoja ambaye angeichagua ikiwa nzima.

Wengine hudhani kwamba tatizo litatatuliwa kwa kura. Mwanahisabati na mwanafalsafa Mfaransa, Condorcet, alionyesha mwaka 1785 kwa nini kura haitoshi, na mfano wa safari unaieleza hoja yake vizuri. Chukua wasafiri watatu wanaochagua baina ya Roma, Paris na Vienna. Wa kwanza anaitanguliza Roma, kisha Paris, kisha Vienna. Wa pili anaitanguliza Paris, kisha Vienna, kisha Roma. Wa tatu anaitanguliza Vienna, kisha Roma, kisha Paris. Wakipiga kura kwa miji miwili miwili, wawili kati ya watatu wataipendelea Roma kuliko Paris, wawili wataipendelea Paris kuliko Vienna, na wawili, kinyume na matarajio, wataipendelea Vienna kuliko Roma. Kila msafiri ana mpangilio ulio timamu, lakini kundi linazunguka bila kufika, na mji utakaoshinda utategemea ni jozi ipi iliyopigiwa kura kwanza. Mwaka 1951 mwanauchumi Mmarekani Kenneth Arrow aliipanua hoja hiyo, akathibitisha kwamba pakiwa na machaguo matatu au zaidi, hakuna kanuni ya kuunganisha mipangilio ya watu binafsi inayoweza kutimiza masharti machache ya busara yote kwa pamoja. Funzo lake si kwamba kura ni batili, kwa maana kura hufaa kufunga mjadala. Funzo ni kwamba kura haina uwezo wa kuumba nia ambayo mjadala haukuizaa.

Aristotle alifundisha kwamba binadamu hushauriana kuhusu njia za kulifikia lengo, kwa kuwa lengo lenyewe huwa limekwisha kuwekwa: tabibu hajiulizi kama aponye, hujiuliza aponye vipi. Makundi ya wasafiri hukwama kwa sababu hushauriana kuhusu njia kabla ya kuafikiana kuhusu lengo. Mji ni njia. Mmoja akitaja Roma huenda anataka kusali katika makanisa ya kale. Mwingine akitaja Paris huenda anataka picha na makumbusho. Wa tatu akitaja Vienna huenda anataka tu mahali patulivu pa kukaa na dada yake ambaye hajamwona kwa muda mrefu. Mradi majina ya miji ndiyo yanayobishaniwa, hakuna anayeyasikia malengo yaliyo nyuma yake, na malengo hayo yakishatamkwa mara nyingi huonekana kwamba mawili yanaweza kutimizwa katika mji mmoja ambao hakuna aliyeutaja. Katika mafunzo ya Uislamu amali hupimwa kwa nia, na kanuni hiyo, ambayo kwa kawaida husomwa kama onyo kwa moyo wa mtu mmoja, inafaa pia kusomwa kama utaratibu wa kazi kwa kundi: nia itangulie, ratiba ifuate.

Kwa wasafiri wa Afrika Mashariki sheria yenyewe huwalazimisha kulijibu swali la lengo. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji viza ili kuingia katika eneo la Schengen, yaani nchi 29 za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti katika mipaka iliyo baina yao, ambako mgeni huruhusiwa kukaa hadi siku 90 katika kila kipindi cha siku 180. Ombi hupelekwa kwa nchi iliyo kituo kikuu cha safari kwa muda au kwa madhumuni ya ukaaji, na ikiwa haiwezekani kuitambua, kwa nchi ya kwanza kuingiwa; Uingereza na Ireland hazimo, na kila moja ina utaratibu wake. Mwombaji mtu mzima hulipa euro 90 na huonyesha bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Baadhi ya makundi hushawishika kuutaja ubalozi unaodhaniwa kuwa mwepesi, kwa ratiba ambayo hawana nia ya kuifuata. Pamoja na hatari za kisheria, uongo huo una madhara ya ndani, kwa kuwa kundi linaloanza kwa kuandika pamoja nia lisiyokuwa nayo limejifunza kwamba karatasi na moyo vinaweza kutengana, na litashangaa baadaye wanachama wake watakapofanyiana hivyo hivyo.

Namna ya kushauriana nayo ina sheria zake za kimaadili. Qurani ina sura nzima iitwayo Shura, yaani mashauriano, na inawasifu waumini ambao mambo yao huamuliwa kwa kushauriana. Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoongoza monasteri za Ulaya tangu karne ya 6, inamtaka abati awaite watawa wote panapokuwa na jambo zito, kwa kuwa mara nyingi Mungu humfunulia aliye mdogo lililo jema zaidi. Mapokeo haya mawili, yaliyokua mbalimbali, yanakubaliana kwamba mwenye sauti ndogo ana haki ya kusikilizwa kabla ya wenye sauti kubwa kuamua. Yanakubaliana pia kwamba mashauriano lazima yawe na mwisho na mwenye dhamana: hadithi iliyopokewa na Abu Daud inawaagiza watu watatu wanapotoka safarini wamteue mmoja wao kuwa kiongozi, na Benedikto humwachia abati uamuzi wa mwisho baada ya kusikiliza. Kiongozi wa safari anahitajika kwa sababu treni ikifutwa jioni, watu wanane hawawezi kuanza mjadala upya kituoni. Lakini mamlaka yake hutokana na mashauriano yaliyotangulia. Kundi likiacha kushauriana, haliishi bila mpango, ila huishi kwa mpango wa mtu mwingine. Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, alipozuru Uingereza mwaka 1875 pamoja na msafara wake, ziara iliyompitisha London, Birmingham, Liverpool na Manchester iliandaliwa na wenyeji wake, naye akaonyeshwa kile ambacho dola ile ya viwanda ilitaka kionekane. Ratiba inayonunuliwa ikiwa tayari kwa wakala wa safari nayo ina nia ndani yake, na ni vema wasafiri waijue ni nia ya nani.

Hata mashauriano mazuri yanaweza kumwonea mtu, kwa sababu katika kila kundi yuko anayenyamaza. Mwenye goti bovu hasemi kwamba barabara za mawe na ngazi za Roma zitamtesa. Mwenye mfuko mwembamba hasemi kwamba hoteli iliyopendekezwa itammaliza. Mama mwenye mtoto mchanga hasemi kwamba treni ya alfajiri haimfai. Mwenye kutunza sala tano huona haya kuuliza zitasaliwa wapi. Aibu ya aliye dhaifu hugeuka kuwa ruzuku kwa wenye nguvu. Mtume Muhammad alipomteua Uthman bin Abi al-As kuwa imamu wa watu wake, alimwagiza awazingatie kwa kipimo cha aliye dhaifu miongoni mwao. Mwaka 1971 mwanafalsafa Mmarekani John Rawls aliielekea hoja hiyo hiyo kwa njia ya akili tupu, alipopendekeza kwamba kanuni za haki ni zile ambazo watu wangezichagua nyuma ya pazia la kutojua, yaani wakiwa hawajui ni nani kati yao atakayekuwa tajiri au maskini, mzima au mgonjwa. Wasafiri wanaweza kulitumia pazia hilo bila shida: kila mmoja aipitishe ratiba akijiuliza kama angeikubali endapo asubuhi ya kuondoka angejikuta na goti la mwenzake na mfuko wa mwenzake. Bajeti ipangwe kwa uwezo wa aliye na kidogo, na anayetaka zaidi ajilipie. Mwendo upangwe kwa miguu ya anayechoka mapema, na mwenye nguvu atembee zaidi jioni wengine wakipumzika.

Likija suala la idadi ya miji, fikra za kisheria za Kiislamu zina jambo la kufunza hata kwa asiyekuwa Mwislamu. Msafiri ana ruhusa ya kupunguza sala, na wanazuoni walilazimika kuamua ni lini mtu aliyefika mahali huacha kuwa msafiri. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani ya Afrika Mashariki, yanasema kwamba aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, hutoka katika hukumu ya msafiri. Madhehebu ya Hanafi yanaweka siku 15. Hukumu hizi zimewekwa kwa ajili ya ibada, lakini chini yake kuna utambuzi wa kina kuhusu binadamu: kuwapo mahali kuna daraja, na muda ukipungua chini ya kiasi fulani, mtu amepita tu. Seneca, mwanafalsafa wa Roma katika karne ya 1, alisema kwa maana kwamba aliye kila mahali hayuko popote, na kwamba wanaotumia maisha katika kusafiri hupata wenyeji wengi lakini hawapati marafiki. Kwa kundi lenye siku saba au nane, kwa hiyo, miji miwili au mitatu iliyo katika reli moja, kama Brussels, Antwerp na Amsterdam, au Roma na Florence, huwa karibu zaidi na heshima inayostahiliwa na miji hiyo kuliko sita iliyotawanyika.

Dhidi ya hoja hii kuna pingamizi zito ambalo halipaswi kupuuzwa. Muuguzi wa Nairobi au mwalimu wa Mwanza aliyeweka akiba kwa miaka, akalipa viza na nauli, huenda asirudi tena Ulaya maishani, na kumwambia kwamba miji miwili inatosha ni ushauri unaomfaa mtu anayeweza kurudi mwakani. Pingamizi hili lina ukweli, na ukweli huo ni wa haki ya kufika aliyoitetea Cook. Hata hivyo, uhaba wa nafasi haujibu swali peke yake, kwa maana mwenye nafasi moja ana sababu kubwa zaidi ya kutoitumia vituoni na katika foleni. Ikiwa kundi limeulizana na kukubaliana kwamba lengo lake ni kuiona sura ya bara zima kwa juu juu, upana huo ni lengo halali na unastahili ratiba yake. Upana usiokuwa halali ni ule unaotokana na woga wa kumwambia mwenzako hapana.

Hasara pia hupungua kundi linapokumbuka kwamba nia moja haidai miili yote iwe mahali pamoja saa zote. Aristotle aliona kwamba marafiki hutamani kuishi pamoja katika yale wayapendayo zaidi; hakusema kwamba lazima wapende yale yale kila saa. Katika mji mmoja wanne wanaweza kwenda Louvre na wawili wakabaki bustanini, kisha wote wakakutana kwa chakula cha jioni wakiwa na cha kusimuliana. Hii ndiyo faida kubwa ya miji michache: kundi lililotulia mahali pamoja linaweza kugawanyika bila kuvunjika, ilhali kundi linalohama kila siku lazima lifungwe pamoja na saa ya treni.

Yuko pia mshiriki ambaye hakuitwa mezani, naye ni mwenyeji. Immanuel Kant, alipoandika mwaka 1795 kuhusu amani ya kudumu, alisema kwamba kila mtu ana haki ya kuzuru nchi yoyote bila kutendewa kama adui, lakini haki hiyo ni ya kuzuru tu, haimpi haki ya kudai zaidi kwa mwenyeji. Venice inaonyesha uzito wa mpaka huo. Mji wake wa kale ulikuwa na wakazi zaidi ya 170,000 mwanzoni mwa miaka ya 1950, na leo wamepungua chini ya 50,000, wakati nyumba nyingi zimegeuzwa malazi ya wageni. Tangu mwaka 2024 mamlaka za mji zimewatoza wageni wa siku moja ada ya kuingia katika siku za msongamano, ilhali wanaolala mjini hawaitozwi. Ada hiyo humwangukia hasa msafiri wa miji mingi, anayeingia asubuhi na kutoka jioni, akitumia njia na vivuko vya watu bila kukaa nao. Kundi linaloifikiria haki hadi mwisho wake humhesabu mkazi wa Venice miongoni mwa wale ambao ratiba inapaswa kuwaelezea sababu zake.

Kipimo cha mpango mwema, basi, hupatikana kwa mtu ambaye mji wake haukuingia katika ratiba. Ikiwa anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini uliachwa, na maelezo hayo akayaona ya haki bila kubembelezwa, kundi hilo lina nia moja kwa maana kamili ya neno hilo, hata kama kila mwanachama alianza na ramani yake. Ikiwa hawezi, au ikiwa hakuna mji wowote ulioachwa, kilichopatikana ni mapatano ya matakwa yanayosubiri uchovu wa kwanza ili yavunjike. Hasara haiepukiki pale siku zinapokuwa chache kuliko matamanio, na hiyo ndiyo hali ya binadamu yeyote mwenye umri wenye kikomo; kilichomo katika uwezo wa wasafiri ni kuhakikisha kwamba hasara hiyo imechaguliwa na wote, imesemwa waziwazi, na haikuachwa imwangukie yule asiyekuwa na nguvu ya kulalamika.